Kwa nini mawe ya Upare hayafanani na ya Kilimanjaro?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Mwanga. Nyuma ya shule yetu kuna safu ya Upare, na anga likiwa safi tunauona Kilimanjaro upande wa kaskazini magharibi. Wanafunzi wameniletea mawe. Ya upande wa Himo, chini ya Kilimanjaro, ni meusi, yana vitundu, na mengine ni mepesi ajabu. Ya Usangi, huku Upare, ni mazito, yana mistari myeupe na myeusi, na ndani yake mna punje nyekundu. Moja ni jeupe tupu. Miaka yote nimefundisha kwamba milima yetu ilitokana na volkano, sasa nimekwama. Milima ni jirani namna hii, inakuwaje mawe hayafanani? Je, mlima unaweza kutuambia kilichomo chini ya ardhi? Na watoto wanauliza kama Kilimanjaro utalipuka tena.

Jibu: Marahaba, mwalimu. Wape hongera wanafunzi wako, maana kazi ya jiolojia huanzia hapohapo walipoanzia: kuokota mawe mawili, kuona hayafanani, na kudai maelezo.

Kilimanjaro ni mlima wa volkano. Ulijengwa kwa lava, tabaka juu ya tabaka, katika miaka milioni mbili na nusu hivi iliyopita. Upare haukuwahi kuwa volkano. Ni kipande cha ganda la dunia kilichoiva kwa joto zaidi ya kilomita 30 chini ya ardhi, takriban miaka milioni 640 iliyopita, kikaja kuinuliwa baadaye sana. Ujirani wao ni wa kwenye ramani tu. Ukitaka kuelewa milima ya Afrika Mashariki, shika kwanza jambo hili: umri wa jiwe na umri wa mlima ni vitu viwili tofauti. Kilimanjaro na mawe yake ni wa rika moja. Upare una mawe ya kale mno yaliyosimamishwa kuwa mlima wakati mwingine kabisa.

Lichukue lile jiwe la Usangi, litoe juani, na ukipata lenzi ya kukuzia itumie. Mistari myeupe ni madini ya feldspa na kwatzi, na ile myeusi ni madini yenye chuma na magnesi kwa wingi. Yamejipanga hivyo kwa sababu jiwe lilibanwa likiwa na joto kali, likalainika bila kuyeyuka, na kila aina ya madini ikatafuta nafasi yake. Zile punje nyekundu ni garneti, ndiyo hiyohiyo ambayo wachimbaji wadogo huiuza kwa madalali wa vito. Garneti ndiye shahidi ninayemwamini kuliko wote. Atomi zake zimebanana sana, kwa hiyo huota vizuri penye mgandamizo mkubwa. Tena kiasi cha chuma, magnesi na kalisi kinachoingia ndani yake hutegemea joto na mgandamizo uliokuwapo wakati inaota. Maabara hulikata jiwe kipande chembamba hadi mwanga unapenya, hupima kemia ya garneti na ya madini yanayogusana nayo, kisha hukokotoa. Kwa mawe ya Upare na Usambara, majibu huwa karibu yaleyale: joto la nyuzi 800 za Selsiasi hivi, na mgandamizo wa kina cha kilomita 30 hadi 40.

Umri wake tunaupata kwa madini mengine, zirkoni, yenye punje ndogo zisizoonekana kwa macho matupu. Zirkoni ikiota huingiza urani kidogo ndani yake na kuikataa risasi. Urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika: nusu ya urani-238 huisha katika miaka bilioni 4.47. Kwa hiyo risasi utakayoikuta ndani ya punje leo imezaliwa na urani humohumo, na uwiano wa viwili hivyo unakupa miaka.

Sasa fikiria maana yake. Shimo lenye kina kikubwa kuliko yote ambayo binadamu amewahi kuchimba ni la Kola, kule Urusi. Lilifika mita 12,262 mwaka 1989, na joto la chini likawashinda wachimbaji. Mwanafunzi wako aliyeokota jiwe Usangi amekuletea kitu kilichotoka mara tatu ya kina hicho, na hakutumia hata jembe. Kazi hiyo milima imetufanyia: imetutolea nje mambo ya ndani ambayo hakuna mtambo wa kuyafikia.

Lile jeupe siwezi kulitaja jina bila kulishika, lakini mnaweza kulitambua wenyewe darasani. Jaribuni kukwaruza kioo nalo. Likikikwaruza kioo, huenda ni kwatzi au feldspa. Likishindwa, lisageni unga kidogo kisha mmwagie siki au limao. Unga ukitoa mapovu, hilo ni marumaru, na marumaru ni chokaa iliyoiva kwa joto na mgandamizo. Chokaa ya namna hiyo hujikusanya baharini. Katika milima hii ya kale marumaru si haba, hasa ukienda kuzunguka Morogoro. Kule Mahenge, na hata Mererani, kuna madini ya kinywe, ambayo ni kaboni ya viumbe waliozikwa ndani ya tope kabla tope lenyewe halijageuka mwamba. Tope, chokaa na mabaki ya viumbe: mahali hapa palikuwa na bahari.

Bahari hiyo ilifungwa. Ganda la dunia, pamoja na sehemu ngumu ya juu ya mantili, yaani lile tabaka nene lililo chini ya ganda, limegawanyika katika mabamba yanayosogea kwa sentimita chache kila mwaka. Sakafu ya bahari ni nzito, kwa hiyo bamba lenye bahari hukubali kuzama chini ya jirani yake. Lakini bahari ikisha, mabara mawili hukutana uso kwa uso, na hakuna linalozama, kwa sababu mwamba wa bara ni mwepesi kuliko mantili. Kinachobaki ni kubanana. Miamba hukunjamana, hukatika, vipande hupandiana, na ganda huzidi kuwa nene kwenda juu na kwenda chini pia. Miamba iliyokuwa karibu na uso husukumwa kilomita nyingi chini, na huko ndiko garneti zako zilikoota. Mgongano ule uliunganisha bara kubwa la kale liitwalo Gondwana, na mabaki ya mgongano huo tunayaita Ukanda wa Msumbiji. Ukanda huo unatoka Msumbiji, unapita mashariki mwa Tanzania na Kenya kwenda Ethiopia na kuendelea kaskazini, pande zote mbili za Bahari ya Shamu. Miamba ya ukoo huo ipo Madagaska, Sri Lanka na kusini mwa India. Ndiyo maana wafanyabiashara wa vito hukuta garneti na yakuti katika nchi zote hizo.

Ukitaka kuona mgongano kama huo ukiendelea leo, tazama Himalaya. Bara Hindi liligongana na Asia takriban miaka milioni 50 iliyopita na bado linasukuma. Kilele cha Everest, mita 8,848, ni mwamba wa chokaa wenye mabaki ya viumbe wa baharini. Mtu anayesimama juu kuliko watu wote duniani amekanyaga sakafu ya bahari.

Hapo Himalaya ndipo wanadamu walipogundua kwamba mlima una sehemu ya chini isiyoonekana, na nitatua hapa kidogo maana ni kisa ninachokipenda. Karne ya 19 wapimaji wa serikali ya Kiingereza walikuwa wakiipima India nzima, na kazi hiyo kwa miaka mingi iliongozwa na George Everest. Walikuwa na vituo viwili, Kaliana upande wa kaskazini karibu na milima, na Kalianpur kusini. Walipima tofauti ya latitudo kati ya vituo hivyo kwa njia mbili: kwa kupima ardhi hatua kwa hatua, na kwa kutazama nyota wakitegemea timazi kuwaonyesha wima. Majibu yakatofautiana kwa sekunde tano na kidogo za pembe (digrii moja ina sekunde 3,600). Ni tofauti ndogo mno, lakini wapimaji wale walikuwa makini, wakakataa kuifumbia macho.

John Pratt, kasisi wa Calcutta aliyekuwa bingwa wa hisabati, akafikiri kwamba wingi wa mawe ya Himalaya ulikuwa unalivuta timazi kando, hivyo wima wao haukuwa wima. Wazo lilikuwa zuri. Akakaa akapiga hesabu ya mvuto wa milima yote, akapata kwamba timazi lilipaswa kupotoka kwa karibu sekunde 16. Lilipotoka kwa theluthi tu ya hiyo. Maana yake, milima ile mikubwa inavuta kidogo kuliko inavyostahili. Ni kana kwamba chini yake kuna upungufu.

Mwaka 1855 George Airy, mwanaastronomia mkuu wa Uingereza, alitoa jibu ambalo limedumu. Ganda la dunia linaelea juu ya mwamba mzito zaidi. Mlima una mzizi mpana wa mwamba mwepesi uliozama ndani ya mwamba mzito, na mzizi huo ndio ule upungufu. Mtu wa pwani ataelewa haraka: jahazi lenye shehena ndefu juu limezama zaidi majini, na likishushwa mzigo huinuka lenyewe.

Hesabu yake unaweza kuifanya ubaoni na darasa la saba. Sentimita moja ya ujazo ya ganda la bara ina gramu 2.8 hivi, ya mantili ina 3.3. Kwa tofauti hiyo, kila kilomita moja ya mwinuko inahitaji mzizi wa kilomita tano na nusu kuibeba. Uwanda wa Tibet, kaskazini ya Himalaya, una kimo cha wastani cha kilomita 5, kwa hiyo mzizi wake uwe kilomita 28. Jumlisha ganda la kawaida, kilomita 35, na ule mwinuko wenyewe. Unapata 68.

Tunaweza kusahihisha hesabu hiyo kwa matetemeko. Mwaka 1909 Andrija Mohorovičić, akichunguza tetemeko lililotokea Kroatia, aliona kwamba baadhi ya mawimbi yalifika kwenye vituo vya mbali mapema kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu yalikuwa yamepita kwenye mwamba mzito wa chini yanapokwenda kwa kasi zaidi. Tangu hapo tunajua kuupima mpaka kati ya ganda na mantili bila kuugusa. Mawimbi yanayopita chini ya Tibet yanaonyesha ganda lenye unene wa karibu kilomita 70.

Turudi Upare kwa kalamu ileile. Vipimo vya matetemeko mashariki mwa Tanzania vinaonyesha ganda lenye unene wa kilomita 36 hadi 39 leo. Jiwe lako la Usangi liliwahi kuwa na kilomita 35 hivi za mwamba juu yake. Ukijumlisha unakaribia 70 au kupita kidogo, unene wa Tibet ya leo. Hesabu hii ni ya makadirio, ganda hubadilika katika muda mrefu namna hiyo, lakini inaelekea mahali pamoja na ushahidi mwingine wote: hapa pa Mwanga, Same, Lushoto na Morogoro palisimama safu ya milima ya kulinganishwa na Himalaya. Upare wa sasa si mabaki ya vilele vyake. Ni tumbo lake.

Kilomita 35 za mwamba zilikwenda wapi? Mvua, mito na muda. Kila mmomonyoko ulipoondoa mzigo juu, ganda liliinuka, likaleta miamba ya ndani zaidi karibu na uso, nayo ikamomonyolewa. Mwishowe safu ilisawazishwa ikabaki nchi ya mawe ya kina kirefu yasiyo na mlima wa kujivunia. Kisha Gondwana ikaanza kuvunjika. Madagaska ikatengana na pwani yetu, na mivutano ile ilikata ganda kwa nyufa ndefu. Vipande vikapanda upande mmoja wa ufa na kushuka upande mwingine, kwa awamu, na awamu za karibuni zaidi zinahusiana na Bonde la Ufa. Ule mteremko mkali unaokabili tambarare ya Mwanga ni upande wa kipande kimoja kama hicho. Ndivyo yalivyo Upare, Usambara, Nguru, Uluguru, Udzungwa, hata Taita kule Kenya. Na kwa kuwa vinuko hivi ni vya muda mrefu na vinapokea mvua ya Bahari ya Hindi, misitu yake ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingine kokote. Hilo ningelipa somo lake peke yake.

Sasa mawe ya Himo.

Bara la Afrika linapasuka. Upande wa mashariki, bamba la Somalia, linajitenga na sehemu kubwa iliyobaki kwa milimita chache kwa mwaka. Ganda likivutwa huwa jembamba, na mantili ya chini yake hupanda kujaza nafasi. Kule chini mwamba una joto la kutosha kuyeyuka, ila mgandamizo unauzuia. Ukipanda, mgandamizo hupungua, na sehemu yake ndogo, asilimia chache tu, huyeyuka bila kuongezewa joto lolote. Hii ndiyo magma. Watoto wengi, na watu wazima pia, hudhani chini ya miguu yetu kuna bahari ya moto. Hakuna. Mantili ni mwamba mgumu karibu yote, na volkano hutokea pale tu penye sababu maalumu ya kuyeyuka.

Kilimanjaro ulijengwa na volkano tatu zilizokaribiana. Shira ilitangulia, miaka milioni mbili na nusu hivi iliyopita, na leo imebomoka ikabaki uwanda upande wa magharibi. Mawenzi ilifuata; mmomonyoko umeichonga ikabaki miiba ya mawe yenye kimo cha mita 5,149. Kibo ndiye mdogo wao, alianza ndani ya miaka nusu milioni iliyopita, na ndiye mwenye kilele cha mita 5,895. Vitundu vilivyomo kwenye mawe yako ni mapovu ya gesi yaliyonaswa lava ilipoganda. Mengi ya mawe mepesi ya Himo na Rombo yametoka kwenye vile vilima vidogo vya duara vilivyotapakaa ubavuni mwa mlima. Vipo zaidi ya 200, na kila kimoja ni mdomo wa volkano uliowahi kufunguka. Ukimpata kijana anayepandisha wageni, mwombe akueleze lava ya Kibo yenye fuwele kubwa za feldspa zenye umbo la rombasi. Fuwele za ukubwa ule hazioti kwa haraka. Zinatuambia kwamba magma ilitulia chini kwa muda mrefu, fuwele zikakua, ndipo ikapanda.

Volkano hutuletea hata vya chini ya ganda. Upande wa Monduli, magharibi ya Arusha, kuna kilima kiitwacho Lashaine. Magma yake ilipanda kwa kasi ikang'oa vipande vya mantili njiani ikavitupa juu vikiwa vizima. Ni mawe mazito ya rangi ya kijani, rangi ya madini ya olivini, na mengine yana garneti zilizoota kwa mgandamizo wa kina cha zaidi ya kilomita 100. Nimeshika mawe mengi katika kazi hii, lakini yale ya Lashaine kila nikiyashika nanyamaza kwanza.

Milima ya namna nyingine nitaigusa tu. Andes na visiwa vya Japani vina volkano za sababu tofauti: bamba la bahari linazama chini yake, linapeleka maji kwenye mantili, na maji hushusha kiwango cha joto kinachohitajika kuyeyusha mwamba. Kwetu hakuna hiyo.

Lakini Rwenzori siwezi kuipita, kwa kuwa ndiyo inayovunja kanuni ya Airy mbele ya macho yetu. Iko mpakani mwa Uganda na Kongo, ina mita 5,109, ina barafu, na kwa sababu jirani zake wa Virunga ni volkano, wengi huihesabu nayo kuwa volkano. Si volkano. Ni kipande cha miamba ya kale kilichobanduliwa na kuinuliwa kati ya nyufa za tawi la magharibi la Bonde la Ufa, katika miaka milioni chache iliyopita. Kwa hesabu ya ubaoni ingepaswa kuwa na mzizi mnene. Wataalamu walipotega vipimo vya matetemeko kuizunguka, walikuta chini yake ganda la kilomita 20 hadi 28 tu, jembamba kuliko la kawaida. Mlima mrefu hivyo, hauna mzizi! Basi unabebwa na nini? Kwa sehemu na ugumu wa bamba lenyewe, ambalo linaweza kushikilia mzigo mwembamba bila kupinda sana, na kwa sehemu na mantili ya chini yake ambayo ina joto na ni nyepesi kuliko ya kwingine. Kipande kile hakijakaa sawa bado; matetemeko ya eneo lile ni ya mara kwa mara, na lile la Toro la mwaka 1966 liliua watu wengi.

Hali hiyo ya mantili yenye joto inagusa nchi yetu yote. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Nairobi inakaribia 1,800, na hakuna mgongano wa mabara wa karibuni wa kueleza mwinuko huo. Mawimbi ya matetemeko hupungua kasi yanapopita chini ya Bonde la Ufa, dalili ya mwamba wenye joto. Ni joto hilo linalotubeba. Katikati, kuanzia Dodoma hadi Mwanza, kuna kitalu kigumu cha miamba yenye zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Ufa ulipofika hapo ulishindwa kukikata, ukagawanyika ukapita pande zote mbili. Majabali ya Mwanza yanayopandana ziwani ni ya kitalu hicho.

Na kuna kosa moja ningependa mwalimu ulisahihishe kila ukilisikia, maana linarudiwa hata magazetini: kwamba tanzanaiti ililetwa na Kilimanjaro. Mgodi wa Mererani unatazamana na mlima, ni kweli, lakini tanzanaiti iliota ndani ya miamba ya kinywe ya Ukanda wa Msumbiji zaidi ya miaka milioni 500 kabla lava ya kwanza ya Shira haijatoka. Hesabu za umri hazikubali. Tanzanaiti ni ndugu wa jiwe la Usangi.

Kuhusu swali la watoto, wajibu hivi: Kilimanjaro umelala, haujafa. Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, lakini kwenye kreta ya Reusch, juu Kibo, bado panatoka gesi yenye harufu ya kiberiti. Mara nyingi volkano hutoa dalili kabla ya kulipuka. Oldoinyo Lengai, yenye lava ya ajabu isiyofika hata nyuzi 600, inayotoka nyeusi na kugeuka nyeupe ndani ya siku chache, ilitanguliwa mwaka 2007 na mfululizo wa matetemeko. Lile la Julai lilikuwa la ukubwa wa 5.9, lilitikisa hadi Nairobi, na Septemba mlima ukalipuka kwa nguvu. Meru mara ya mwisho ilikuwa 1910. Ukanda wa Lengai na Meru unastahili kuangaliwa kwa karibu kuliko Kibo, na kule Goma watu wameshaona lava ya Nyiragongo ikiingia mjini mwaka 2002, na ikafika tena kingoni mwa mji 2021.

Tena volkano huwa na madhara ikiwa imenyamaza. Maji ya maeneo mengi ya Arumeru yana floridi nyingi inayotoka kwenye miamba ya Meru, na watoto hupata meno ya kahawia. Hanang haikulipuka Desemba 2023. Ilikuwa mvua iliyoingia kwenye mwamba dhaifu wa volkano ya kale, tope likashuka hadi Katesh na kuua zaidi ya watu 80.

Kwa watu wa Mwanga na Same, lava iwe wasiwasi wa mwisho. Hatari yenu iko upande wa pili, kwenye Upare wenyewe. Miamba ile ya kale imeoza juu kwa karne nyingi ikawa udongo mzito mwekundu, umekaa kwenye miteremko mikali, na unateleza ukishiba maji. Wafundishe watoto dalili zake: nyufa mpya zinazokata mteremko, miti na nguzo zinazoanza kuinama, milango ya nyumba inayokwama ghafla, chemchemi iliyokuwa safi ikitoa tope baada ya mvua ya siku nyingi. Mtoto akiona mojawapo amwambie mtendaji wa kijiji siku ileile, na watu wa chini ya mteremko huo wasilale hapo mvua ikiendelea.